Siku Niliyojifanya Mjukuu wa Ogola

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: yule jamaa anayesimuliwa kule Kisian kila kukiwa na sherehe, yule aliyekwenda kwa wakwe akasimama mbele ya hema zima na kujitangaza kuwa yeye na mchumba wake ni damu moja, ni mimi. Si binamu yangu, wala si "rafiki yangu mmoja" (hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia miezi ya kwanza, mpaka siku moja akanisikia mtu aliyekuwepo). Ni mimi Fred, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya soda, kwa hiyo hata hicho kisingizio sina.

Kwanza mnielewe mimi ni mtu wa aina gani. Mimi ni mtu wa maoni. Siwezi kumaliza kitabu nikakifunga nikanyamaza, wala kusikia wimbo nikauacha upite zake kwa amani, lazima niseme kitu, na nikisema lazima watu wasikie. Kila Jumapili jioni nilikuwa narekodi sauti kwenye simu, naiweka kwenye status na kwenye grupu la marafiki, kipindi nimekipa jina kabisa, "Kimenibamba, Kimenichosha", kimoja nilichopenda wiki hiyo na kimoja kilichoniangusha, kitabu au muziki, na watu (nasema watu, walikuwa wachache lakini waaminifu) wakawa wananisubiri. Kuna ile riwaya nene iliyosifiwa sana, kila mtu mjini akawa anatembea nayo kwapani, nami nikatembea nayo, halafu nikasema wazi kwamba mhusika wake anasimama dirishani ukurasa wa kwanza akiwaza, na nilipomwacha (sikumwacha, nilisinzia) alikuwa bado pale pale dirishani. Kile kitabu cha kujiendeleza kinachomtaka mtu aamke alfajiri aushukuru mwili wake nilikimaliza kwa sentensi moja, nikasema mwili wangu alfajiri hautaki shukrani, unataka blanketi. Na ile hadithi ya upelelezi inayotokea hapa hapa Kisumu, ambamo mwandishi anamwingiza mpelelezi wake ziwani pale Dunga jioni na kumwogelesha kwa raha zake bila kutaja kiboko hata mmoja, nikawaambia huyu bwana ziwa letu ameliona kwenye kalenda.

Lakini mnipe haki yangu, kusifu pia nilikuwa najua. Kijitabu kimoja chembamba cha mapenzi, nilichokinunua kwa wale wanaotandaza vitabu chini karibu na steji, kilikuwa kimenyofoka kurasa za mwisho, na nilikisifu mpaka watu wakaniomba nipumzike. Hadi leo sijui kama yule mwanamke alirudi kwa mumewe. Siku nikiamka vizuri namrudisha, siku nikiamka vibaya namkataza.

Kwenye muziki ndiko nilikuwa mkali zaidi. Rumba naipenda, kwaya naivumilia, lakini ohangla ya siku hizi, ngoma yetu ya Kijaluo, nilikuwa nimeitangazia vita. Nilisema huo si muziki, ni kuita majina kama mwalimu wa zamu asubuhi: fulani wa Nairobi, fulani mwenye lori, fulani aliyemnunulia mama yake sofa, na kila anayetajwa amelipia atajwe. "Huo si usanii," nilisema kwa ile sauti yangu ya redio (ninayo, natoa kifuani), "huo ni ubao wa matangazo wenye ngoma."

Sasa kuna jambo moja ambalo sikuwa nalitangaza. Mimi nilizaliwa na kukulia Nakuru, wazazi wakatuongelesha Kiswahili, na Kijaluo changu ni cha kununulia samaki: naweza kuuliza bei, naweza kulalamika, naweza kuaga. Kile cha ndani, cha wazee na cha nyimbo, kinanipita juu ya kichwa. Lakini nafanya kazi Kisumu, jina langu la pili ni la Kijaluo, na kipara nimeanza kuwa nacho, kwa hiyo watu wakawa wananidhania mambo makubwa, nami sikuwa na moyo wa kuwavunja moyo. Mzee akinimiminia Kijaluo kizito nilikuwa natikisa kichwa polepole na kusema "Kabisa", na hiyo "Kabisa" ilikuwa haijawahi kuniangusha.

Ndipo nikaupata ule wimbo. Ni benga ya zamani, imepigwa na mpiga gitaa mmoja wa huku kando ya ziwa aliyekwisha kufa, rekodi yenyewe ina mikwaruzo kama kuna mtu anakaanga omena nyuma, lakini gitaa lile, jamani, gitaa lile likianza unasahau ulichokuwa unadaiwa. Nilinasa mwanzo wake, "An nyakwar Ogola", yaani mimi ni mjukuu wa Ogola, halafu mwenzangu wa kazini akanitafsiria mstari unaofuata: aliyelala mlango wazi na fisi wakapita mbali. Mingine nikaijazia mwenyewe. Niliukariri wote neno kwa neno kama kasuku, nikaurekodia kipindi kirefu kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Nikasema hapo ndipo tulipokuwa na washairi. Nikasema mlango ulio wazi ni uhuru wa Mwafrika, na fisi ni mkoloni, anazunguka boma lakini hathubutu kuingia. Nikasema Ogola si mtu, Ogola ni kila mmoja wetu.

Awuor, mchumba wangu (ndiye mke wangu sasa, kwa hiyo hamna haja ya kunihurumia kupita kiasi), alisikiliza kipindi hicho tukiwa tumekaa kwake Mamboleo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaanza, "Fred, lakini huyo Ogola..." Nami nikamwinulia kidole, nikamwambia asinikatize, sehemu nzuri bado. Alikisikiliza mpaka mwisho akiwa ameziba mdomo kwa leso, kisha akakituma kwa binamu zake wa kike wote, na tangu hapo kila nilipompigia simu akiwa nao nilikuwa nasikia vicheko nyuma. Nilijua wamenipenda.

Basi ikafika siku ya ayie, ile siku upande wa mwanamume unakwenda rasmi nyumbani kwa msichana kuomba ukubaliwe. Ukoo wetu na wao ulikuwa umeshachunguzwa zamani, wazee walikaa wakapanda na kushuka na mababu wa pande zote, wakaona hakuna mahali tunapogusana, kwa sababu kwetu ukigusana na mtu kwa damu, hata kwa mbali vipi, hakuna ndoa, hata kama mmeshapaka nyumba rangi. Aliyenipeleka ni baba mdogo Jared, ndugu wa marehemu baba yangu, mzee wa kanisa kutoka Alego, mtu wa maneno machache na kofia moja. Njiani kwenye pikapu yake alinipa mafunzo yote niliyoyahitaji maishani.

"Huko kutakuwa na ohangla," akasema. "Watafanya pakruok. Maikrofoni ikikujia, sema jina lako, sema umetoka Alego, sema umefurahi, halafu kaa. Usiniletee mambo ya redio."

Pakruok, kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye sherehe zetu, ni hivi: mpigaji anasimamishwa katikati ya wimbo, mtu anashika maikrofoni anajisifu yeye na ukoo wake na baba zake kwa maneno ya madoido, anamtuza mpigaji, ngoma inaendelea mpaka asimame mwingine. Kujisifu huko si utani kama watu wa nje wanavyodhani. Ukisema hadharani wewe ni mtoto wa nani, umetoa ushahidi.

Nyumbani kwa kina Awuor, kule Kisian, palikuwa pamejaa. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo aliyeshika usukani ni baba yake mkubwa, Mzee Aloys, mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayekutazama kama umechelewa paredi. Pembeni yake alikuwa Dani Persila, bibi mzee kuliko wote katika boma hilo, amefungwa shuka miguuni. Awuor na binamu zake walikuwa ndani na upande wa jikoni, kwa sababu siku hiyo msichana haketi na wageni. Ngoma zikalia, wenyeji wakaanza kujisifu mmoja mmoja, wengine kwa ufundi mkubwa, na mimi nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki nikiwapa alama moyoni (huyu kazi nzuri, huyu anajirudia, huyu utangulizi mrefu mno). Kisha kaka mmoja wa Awuor akapiga kelele, "Mkwe! Tusikie mkwe!" na maikrofoni ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka ikanifikia.

Ningesema yale niliyofunzwa, leo nisingekuwa na mkasa. Lakini nikafikiria: mimi, mtu wa maneno, mtu anayesubiriwa kila Jumapili, nisimame hapa niseme "Naitwa Fred, nimefurahi"? Baba mdogo alinivuta koti. Nikalichomoa koti taratibu, nikatoa sauti kifuani, nikasema: "An nyakwar Ogola!"

Palitulia kidogo. Nikaona ni ule utulivu wa watu walioguswa. Nikaendelea na mlango wazi, nikaendelea na fisi, na hapo wanawake wa nyumba ile wakalipuka kwa vigelegele, mmoja akaja mbio akanifuta jasho usoni kwa kanga yake na kuniita kitu ambacho baadaye niliambiwa ni "mtoto wetu". Mnajua hali ya mtu ambaye maisha yake yote amehakiki kazi za wengine halafu kwa mara ya kwanza anashangiliwa yeye? Nilipagawa. Nikatoa ubeti wa pili. Nikatoa wa tatu, ule wenye majina ya watu ambao sikujua ni nani, nikayatamka yote kwa heshima kubwa kama baba zangu. Nilipogeuka upande wa nyumba nikamwona Awuor mlangoni, ameweka mikono yote miwili kichwani, nikadhani ni furaha, nikampungia.

Mzee Aloys akainua mkono, ngoma zikanyamaza.

"Kijana," akasema, "rudia hapo mwanzo."

Nikarudia. Na mara hii, Mungu anisamehe, nikaiboresha.

Akanisogelea, akaniuliza kitu kirefu kwa Kijaluo kizito, uso wake umebadilika kabisa, na ndani ya maneno yale yote mimi nilishika mawili tu, Mikayi na Nyachira. Mikayi nilijua ni mke wa kwanza katika boma, Nyachira ni wa pili. Hema zima linanitazama, na "Kabisa" hapa naona haitoshi, kwa kuwa ananiuliza nichague. Basi nikachagua. Mimi kila mahali hupenda kuwa wa kwanza, nikasema kwa sauti, "Mikayi!"

Mwanamke aliyenifuta jasho akashika mdomo. Vigelegele vikafa. Mzee Aloys akageuka akawaambia wageni kwa Kiswahili, polepole, ili kusiwe na wa kusema hakuelewa: "Nimemuuliza ni Ogola wetu ama mwingine, na kama ni wetu, ametoka nyumba gani. Amesema Mikayi. Ogola ni babu yangu. Nyumba ya Mikayi ndiyo hii mmeketi. Awuor ni wa nyumba hii. Sasa mtuambie mmekuja kuoa, ama mmekuja kurudisha mtoto nyumbani?"

Niliwaona akina mama waliokuwa wametoka jikoni na sinia za kuku na samaki wakisimama katikati ya uwanja, wakatazamana, wakageuka wakarudi nazo walikotoka. Hapo nilielewa kwa mara ya kwanza nimefanya nini: nimempoteza Awuor, mbele ya spika mbili kubwa, kwa hiari yangu mwenyewe.

"Ni wimbo tu, mzee," nikasema.

"Wimbo tu," akasema Mzee Aloys. "Mtu amesimama mbele ya watu, amejisifu, amerudia, ametaja nyumba. Sasa akiona msichana anamponyoka anasema ni wimbo tu. Hata ningekuwa mimi ningesema hivyo."

Ingeishia hapo pengine tungesuluhisha. Lakini Dani Persila akakohoa, na boma lote likamsikiliza. "Obuya," akasema, kwa Kiswahili kabisa, ili wageni wasikose. "Obuya mtoto wa Ogola. Si alikuwa akinunua pamba huko Alego? Alikaa huko miaka. Alikuwa mtu wa wanawake, huyo Obuya." Kisha akanyoosha kidole chake chembamba kunielekea. "Na mtazame masikio."

Watu wote wakatazama masikio yangu. Hata mpiga ohangla alitazama. Hata mimi, kama ingewezekana, ningeyatazama.

Baba mdogo Jared akasimama, akavaa kofia yake. "Yawa," akasema, "hii nyumba inasema mama yangu alizaa na mnunuzi wa pamba?"

"Sisi hatujasema," Mzee Aloys akajibu. "Amesema mtoto wako."

Baba mdogo akanigeukia. "Babu yako ni Nyangweso. Fundi cherehani. Mtu amezikwa na makanisa mawili. Leo umemkana kwa maikrofoni na umemfanya mama yangu malaya, kwa sababu ya kutaka kupigiwa makofi." Akawaambia wenzetu wachukue vitu vyao, twende.

Nilimkimbilia, nikashika mkono wake, akauchomoa. Nikarudi kwa Mzee Aloys nikapiga magoti (suruali nyeupe, tafadhali mniwazie), nikajieleza kwa Kiswahili, nikaongeza Kiingereza, nikatumia hata Kijaluo changu cha samaki, na kila nilichosema kilizidi kunizamisha, maana mtu anayejitetea sana anaonekana ana jambo. Wazee wao wakasogea pembeni ya nyumba kushauriana. Walisema itabidi shughuli isimame, watu waende Alego wakaulize, na huko Alego waliokuwa wakijua mambo ya Obuya wote wamekufa, maana yake jibu halitapatikana kamwe, na bila jibu hakuna ndoa. Nililia. Sioni aibu kusema nililia, nina aibu nyingi za kuchagua na hiyo siichagui.

Hapo ndipo Awuor alitoka. Alivuka uwanja huku shangazi yake mmoja akimvuta gauni, akafika kwa mpiga ohangla, akamwomba waya wa spika, akauchomeka kwenye simu yake. Mzee Aloys akafoka, "Nyathina, mwanangu, rudi ndani!" Awuor akasema, "Baba, sikilizeni kwanza. Mkimaliza kama bado mnafikiri huyu ni wa Ogola, nitarudi ndani nikae huko."

Na ikatoka, kwenye spika mbili, kifuani kabisa, sauti yangu: "Karibuni tena kwenye Kimenibamba, Kimenichosha..."

Sijui kama mmewahi kusikilizishwa sauti yenu mbele ya watu mliowakosea. Kila neno lilikuwa na pozi. Nilijisikia nikisema "hapo ndipo tulipokuwa na washairi" na kunyamaza kwa makusudi, nilikuwa naviita vituo vya hisia, na katika kile kituo akasikika kuku. Sauti ikasema mlango ulio wazi ni uhuru wa Mwafrika. Wazee wakakunja nyuso. Sauti ikasema fisi ni mkoloni. Mzee mmoja akamwomba mwenzake amtafsirie, akatafsiriwa, akaomba atafsiriwe tena. Sauti ikasema Ogola si mtu, Ogola ni kila mmoja wetu, na kule jikoni wale binamu, ambao kumbe walikuwa wanaijua kwa moyo, wakaimalizia kwa pamoja kama kiitikio kanisani: "Ni kila mmoja wetu!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Dani Persila, na alicheka bila meno, bila haraka. Kisha hema zima.

Mzee Aloys alijaribu kubaki mwalimu mkuu, akashindwa, akatoa kitambaa akajifuta macho. "Fisi hakuwa mkoloni," akasema. "Fisi alikuwa fisi. Na mlango ulikuwa wazi kwa sababu mchwa waliula, na babu yangu alikuwa mvivu wa kutengeneza mwingine. Mke wake akamsema mpaka kijiji kikajua. Sasa baba yangu akaona ni aibu, akampelekea mpiga gitaa dume la mbuzi amgeuzie hiyo aibu kuwa sifa. Ndio huo wimbo."

Kumbe. Wimbo wangu niupendao kuliko zote duniani ulikuwa wa kulipiwa, ubao wa matangazo wenye gitaa. Nilitaka nichukue muda niliwaze hilo, lakini simu ilikuwa bado inaendelea, na ile sehemu ya pili ya kipindi, Kimenichosha, wiki hiyo ilikuwa inahusu wapiga ohangla. Nilimwona mpigaji akiinua kichwa. Niliruka kuchomoa waya, naye akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, kwa upole sana. "Ngoja, omera, ndugu yangu," akasema. "Wacha tusikie yote." Tukasikia yote.

Ilipokwisha, Mzee Aloys akasimama akatoa hukumu, na aliitoa kwenye maikrofoni, kwa kuwa kilichosemwa kwenye maikrofoni hufutwa kwenye maikrofoni. "Huyu si wetu. Mtoto wa nyumba ya Ogola, hata awe amelewa, hata awe amezaliwa ng'ambo, hawezi kusema maneno kama hayo. Tumeridhika hana damu yetu hata tone. Leteni chakula." Kisha akamfuata baba mdogo Jared mpaka kwenye pikapu, akavua kofia, akamwomba radhi kwa ajili ya mama yake, na Dani Persila naye akasema pole, ingawa niliona bado anayaangalia masikio. Sinia zikatoka tena jikoni. Hivyo ndivyo nilivyokubaliwa: nilithibitishwa kuwa mjinga kiasi cha kutosha kuoa.

Awuor nilipompata kando nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile Mamboleo. "Nilianza," akasema. "Ukaninyooshea kidole." "Ningejua utaenda kuisema kwa maikrofoni aki ningekukatiza kwa nguvu," akaongeza, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi, nikajua kwamba pamoja na kucheka kote kule yeye ndiye alikuwa ameogopa kuliko sisi wote.

Kurudi, tulitoka Kisian, tukapita magunia ya soko la Otonglo, watu wanafunga biashara, baba mdogo macho barabarani. Nikaona afadhali nitukanwe. Nikamwomba msamaha, kwa ajili yake na kwa ajili ya bibi yangu.

"Ule wimbo," akasema mwishowe. "Una beti ngapi?"

Nikamwambia.

"Na zote unazijua kwa kichwa."

"Ndiyo, baba."

"Haya. Niambie kitu kimoja cha Nyangweso."

Nilifungua mdomo. Nilijua alikuwa fundi cherehani, lakini hilo alikuwa amelisema mwenyewe mchana ule. Nilitafuta kingine, jina la mke wake, alivyocheka, alichopenda kula, hata alivyokufa. Nina maoni kuhusu mhusika aliyesimama dirishani kwenye kitabu ambacho sikukimaliza, lakini kuhusu baba wa baba yangu sikuwa na neno hata moja, na iliniuma kuliko vicheko vyote vya Kisian. Nikasema sijui.

Baba mdogo akaendesha kidogo. "Alikuwa hapendi muziki," akasema. "Wa aina yoyote. Mtu akifungua redio karibu na cherehani yake alikuwa anahama na cherehani."

Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinieleza mengine machache mpaka tukaingia mjini, kwa ile sauti yake kavu, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nijue kusema nilimsikiliza mtu mpaka mwisho bila kuwa na maoni.

Siku hizi vitabu bado navisema. Nyimbo nauliza kwanza ni za nani, na nikijibiwa mara nyingi naona heri ninyamaze. Ila jambo moja nimeapa, na Awuor ni shahidi: maikrofoni ikinifikia tena mahali popote, nitasema mimi ni mjukuu wa Nyangweso, fundi cherehani wa Alego, ambaye kelele hizi zote zingemuudhi, halafu nitakaa chini.